Mume wangu ana nguvu, mimi natembea taratibu: tutaupandaje Kilimanjaro pamoja?

"Daktari, mimi ni mwalimu hapa Mwanza, nina miaka 41. Mume wangu ana miaka 44, anacheza mpira kila Jumapili na haumwi chochote. Tumepanga kupanda Kilimanjaro likizo ya Juni. Yeye anasema siku tano kwa njia ya Marangu zinatutosha, maana watu wa Mwanza tumekulia kwenye vilima na tumezoea. Mimi natembea taratibu, naogopa nitamrudisha nyuma. Mtoto wetu wa pili ana selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa damu. Nilipopimwa niliambiwa nimebeba vinasaba ila siumwi. Je, nitaweza? Mmoja wetu akizidiwa njiani, mwingine aendelee? Na ni kweli kitunguu saumu na Panadol vinazuia ugonjwa wa mlimani?"

Dada, katika maelezo yako yote hofu kubwa ni kwamba mwendo wako utamharibia mume wako safari. Niseme mapema: kati yenu wawili, anayenipa wasiwasi zaidi ni shemeji. Nguvu za uwanjani hazimkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko. Anayekimbia dakika 90 bila kuchoka huumwa sawa na anayeshinda ofisini, na pengine huumwa mapema zaidi, kwa sababu miguu yake inamfikisha juu kabla mwili haujajipanga. Mwendo huo unaouonea haya ndio unaotakiwa mlimani. Tena kuna jambo umeliandika kwa sentensi moja tu, la mtoto wenu, ambalo linamhusu na yeye. Nitalifikia.

Kwanza hili la kukulia kwenye vilima. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilima vyetu, Capri Point, Bugando, Isamilo, vinaongeza kidogo tu juu ya hapo. Mwili wa binadamu huanza kulalamika kwa kukosa hewa kuanzia kama mita 2,500. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Kwa hiyo Mwanza haijawazoesha lolote la maana, na hata Moshi mtakakoanzia safari iko chini kidogo kuliko Mwanza. Kupanda vilima kunajenga mapaja, magoti na moyo, mambo ambayo mtayahitaji sana, lakini hakumfundishi mtu kuishi na hewa nyepesi. Hilo hufundishwa na kitu kimoja tu: kulala juu, usiku baada ya usiku, kwa kupanda kidogo kidogo.

Watu wengi hudhani kule juu oksijeni imepungua katika hewa. Oksijeni ni ile ile asilimia 21, iwe soko la Mwaloni hapa Mwanza au Uhuru. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Ukilinganisha na pwani, Mwanza tuna karibu asilimia 87 ya mgandamizo huo, kambi ya Horombo kwenye njia ya Marangu ni karibu asilimia 65, na kileleni ni kama nusu. Mapafu yanavuta hewa kwa ujazo ule ule, ila kila pumzi inabeba oksijeni kidogo. Mvuvi wa dagaa anayetoka usiku wa mbalamwezi anaijua hali hiyo: wavu ni ule ule, mkono ni ule ule, kinachoingia ni haba.

Mwili hujibu kwa kuhema zaidi. Hapo ndipo penye mvutano. Unapohema sana unatoa kaboni dayoksaidi nyingi, damu inapungukiwa na asidi, na ubongo ukigundua hivyo unaamuru kuhema kupunguzwe, wakati oksijeni bado haitoshi. Figo ndizo zinazosuluhisha kwa kumwaga bikabonati, kemikali inayozimua asidi, kwenye mkojo, na kazi hiyo huchukua siku moja hadi tatu kila mnapoongeza kimo. Ndiyo maana kukojoa sana mlimani, hata kuamka usiku mara mbili tatu, ni dalili njema. Ndiyo maana pia hakuna mazoezi yanayoweza kuchukua nafasi ya siku.

Kuna kitu kimoja mtakachokisikia ndani ya hema, nacho huwatisha wanandoa sana. Mwenzako amelala, anahema kwa kasi, kila pumzi kubwa kuliko iliyotangulia, kisha kimya. Sekunde 10, labda 15, hakuna pumzi. Halafu anavuta hewa kwa nguvu kama aliyeibuka kutoka majini. Huo ni ule mvutano niliousema, na karibu kila mtu anayelala juu ya mita 4,000 huupata. Usimwamshe. Kama asubuhi anaamka akiwa na akili zake, anakula na anatembea sawa, hakuna tatizo. Ila msimeze dawa za usingizi wala pombe, kwa kuwa vyote viwili vinapunguza kuhema wakati ambao mwili unakuhitaji zaidi.

Sasa magonjwa yenyewe. La kwanza na la kawaida ni ugonjwa wa mwinuko wa kawaida: kichwa kuuma, pamoja na kichefuchefu au kukosa hamu ya kula, uchovu usioelezeka, kizunguzungu. Huanza saa 6 hadi 12 baada ya kufika kimo kipya, ndiyo maana mtu anafika kambini saa tisa alasiri akiwa mzima na kuanza kuumwa baada ya chakula cha usiku. Ukitulia kimo hicho hicho bila kupanda, mara nyingi huisha ndani ya siku moja au mbili.

La pili ni ubongo kuvimba. Mtu anayumba kama mlevi, anachanganya maneno, anakaa pembeni bila kujali, anakataa kuvaa koti wakati anatetemeka. La tatu ni maji kuingia kwenye mapafu, ambayo hujitokeza zaidi kati ya usiku wa pili na wa nne. Alama yake ya mwanzo ni ndogo: yule aliyekuwa wa mbele jana leo ni wa mwisho, na akikaa robo saa bado anahema kama anayepanda. Baadaye kikohozi, kifua kukoroma, makohozi yenye povu la rangi ya waridi. Kwa ngozi yetu nyeusi msitazame mdomo kwa nje, tazameni ulimi, fizi na kucha kama vimeingia rangi ya bluu. Haya mawili yanaua, na wakati mwingine kwa saa chache. Tiba yake ni kushuka, saa hiyo hiyo, usiku au mchana, mita 300 hadi 1,000 au mpaka mgonjwa apate nafuu. Oksijeni ya mtungi na dawa za sindano humsaidia ashuke. Hazimpi ruhusa ya kubaki.

Kwa msingi huo tupime mpango wa shemeji. Njia ya Marangu kwa siku tano inalaza watu Mandara, mita 2,720, kisha Horombo, 3,720, kisha Kibo, 4,720. Yaani mita 1,000 kila usiku. Mwongozo unaotumiwa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila siku tatu au nne upumzike siku nzima. Mpango wa siku tano unazidisha kiwango hicho mara mbili, kisha usiku wa tatu unawaamsha saa sita kwenda kupanda mita 1,175 nyingine. Wapo wanaofika hivyo hivyo. Wengi hufika wakitapika, na wengi hugeuka.

Njia hiyo hiyo kwa siku sita ni bora: mnalala Horombo usiku mbili, na ile siku ya katikati mnapanda hadi kama mita 4,000 kuelekea kilele cha Mawenzi, mnakaa kidogo, mnarudi kulala chini. Njia ya Machame kwa siku saba ni bora zaidi, kwa sababu inawapitisha Lava Tower, kama mita 4,600, kisha inawashusha kulala Barranco, karibu mita 3,950, halafu Karanga karibu 4,000, ndipo Barafu karibu 4,670. Mwili unaonja kimo kikubwa mchana na kupumzika chini usiku. Lemosho kwa siku nane inafuata mtindo huo huo kwa utulivu zaidi. Machame ya siku sita inaondoa usiku wa Karanga. Sipendi mtu auuze usiku huo ili kuokoa fedha.

Marangu nayo ina sifa zake na nisiwe mnyimi wa kuzitaja. Mnalala kwenye vibanda vyenye vitanda badala ya mahema, na mgonjwa anashushwa kwa njia ile ile pana, kwa machela ya gurudumu, hadi mahali gari linapofika. Juni ni kavu ila baridi ni kali, na kitanda chini ya paa si kitu kidogo kwa mtu anayelala mlimani mara ya kwanza. Kwa bajeti ya mwalimu, na kwa kuwa ada za hifadhi hutozwa kwa siku, ningechagua Marangu ya siku sita kuliko Machame ya siku sita. Mkimudu siku ya saba, nendeni Machame. Mpango wa siku tano uondoeni kabisa mezani.

Wapo pia wanaoanza na Mlima Meru, ambao una zaidi kidogo ya mita 4,560, kwa siku nne, wakilala Miriakamba mita 2,500 na Saddle mita 3,570. Ukifanywa siku chache kabla ya Kilimanjaro, unawazoesha kweli. Ukifanywa Desemba kwa ajili ya Juni, mazoea ya mwili yatakuwa yamekwisha ndani ya wiki chache, mtabaki na ujuzi wa namna miili yenu inavyopokea mwinuko. Hata huo una thamani.

Turudi kwa mtoto wenu. Selimundu kamili hupatikana pale mtoto anaporithi kinasaba kimoja kutoka kwa kila mzazi. Wewe umepimwa na umebeba. Basi karibu bila shaka na baba yake amebeba, hata kama hajawahi kupimwa na hajawahi kuumwa. Kanda ya Ziwa ina wabebaji wengi sana kwa sababu kinasaba hicho kilitukinga na malaria kwa vizazi. Huku chini mbebaji anaishi maisha yake yote bila kujua. Anacheza mpira, anazaa, anazeeka.

Juu ya mlima hali inabadilika kidogo. Chembe nyekundu za mbebaji zina mchanganyiko wa himoglobini (kitu kinachobeba oksijeni kwenye damu) ya kawaida na ile ya selimundu. Oksijeni ikishuka sana, maji yakipungua mwilini na misuli ikitumikishwa kupita kiasi, baadhi ya chembe hujikunja na kuziba mishipa midogo. Bandama ndiyo huumia kwanza. Mtu anapata maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu, pengine yanapanda hadi bega la kushoto, na anatapika. Waongozaji wengi watasema ni tumbo la baridi au gesi. Kwenu ninyi, maumivu ya upande huo ni amri ya kushuka, kisha hospitali. Jingine ni misuli: maumivu na udhaifu wa mapaja usiolingana na kazi iliyofanyika, na mkojo kuwa na rangi ya kahawa. Hilo humpata zaidi mwenye nguvu anayejilazimisha, na sasa unaelewa kwa nini nilimtaja shemeji mwanzoni.

Je, mbebaji akatazwe kupanda? Hapana. Wabebaji wengi hupanda milima mirefu na kurudi salama, na nisingependa mtu awanyime safari kwa kusikia tu neno selimundu. Ila mwenye ugonjwa wenyewe asipande. Siku mtoto wenu atakapokua na kutaka kuwafuata, mtapaswa kumwambia hivyo. Kwenu wabebaji sharti ni mwendo wa taratibu, siku za kutosha, na maji. Na hapa kuna mtego: figo za mbebaji mara nyingi hazikolezi mkojo vizuri, kwa hiyo mkojo unaweza kuonekana mweupe wakati mwili una kiu. Wengine huambiwa watazame rangi ya mkojo. Ninyi hesabuni chupa. Lita tatu hadi nne kwa siku, zikiwemo chai na supu, zinatosha. Msifike sita au saba kama wengine wanavyoshauri, maana maji mengi kupita kiasi hushusha chumvi ya damu, na dalili zake, kichwa kuuma na kuchanganyikiwa, zinafanana mno na za ubongo kuvimba.

Jambo jingine la watu wa ziwani ni malaria. Mbu aliyekuuma Mwanza wiki moja au mbili kabla ya safari anaweza kukuletea homa ukiwa Horombo, na mwongozaji wa Moshi atadhani ni mwinuko kwa sababu kichwa kinauma na unatapika. Ugonjwa wa mwinuko wa kawaida hauleti homa. Mapafu yenye maji yanaweza kuleta joto dogo, ila nyuzi 38.5 na mtetemeko wa baridi inayokuja kwa vipindi, kwa mtu aliyetoka kando ya ziwa, ni malaria mpaka kipimo kikatae. Bebeni kipimajoto, vipimo viwili vya haraka vya malaria, na dozi ya dawa mseto mliyopewa na mfamasia pamoja na maelekezo. Mwenye homa hapandi hata hatua moja, awe ameshaanza dawa au la. Wiki mbili za mwisho laleni kwenye chandarua bila kukosa.

Sasa swali la dawa. Kitunguu saumu na tangawizi ni chakula. Vinatia hamu ya kula, na kula ni muhimu. Havizuii ugonjwa. Panadol inatuliza kichwa, na hakuna ubaya kuinywa, gramu moja, ila ujue umetuliza alamu na si moto. Kichwa kikiisha na kisirudi, sawa. Kikirudi, hampandi siku hiyo. Msitumie diklofenaki wala dawa za maumivu za jamii yake. Figo za mtu aliyepungukiwa maji hazizipendi, na za mbebaji zaidi.

Dawa yenye ushahidi ni asetazolamaidi, inayojulikana zaidi kwa jina la Diamox. Kazi yake ni ile ile ya figo: inaharakisha kumwaga bikabonati, hivyo unahema vizuri hasa usiku. Wengine husema inaficha dalili. Haifichi, inaharakisha mwili kuzoea, na ukiumwa utaumwa waziwazi. Kwa kuzuia ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, yaani nusu ya kidonge cha 250, kuanzia siku moja kabla ya kupanda hadi mnapoanza kushuka. Vidole na midomo vitawasha kama vimekufa ganzi, soda itakuwa na ladha mbaya, na mtakojoa zaidi, kwa hiyo ongezeni chupa moja ya maji. Jaribuni siku mbili mkiwa nyumbani, si mara ya kwanza mlimani. Aliyewahi kuvimba au kubabuka ngozi kwa dawa za salfa kama septrini au SP ya malaria asiiguse mpaka azungumze na daktari, na vivyo hivyo mjamzito au mwenye ugonjwa wa figo. Kwa Marangu ya siku sita ningewashauri muitumie, mradi daktari wenu akubali. Kwa Machame ya siku saba ni hiari.

Nimefika kwenye lile ninaloliona muhimu kuliko yote, nalo ni namna ya kutembea wawili. Ubongo uliokosa oksijeni haujui kwamba umekosa. Mgonjwa ndiye wa mwisho kukubali kwamba anaumwa, hasa akiwa amelipa fedha, ameaga kazini na ametangaza kwa ndugu. Hapo ndipo mwenzako anapokuwa na thamani kuliko dawa yoyote, kwa sharti kwamba mmekubaliana kabla, mkiwa bado Mwanza na akili zimetulia.

Kila jioni baada ya chai, na kila asubuhi kabla ya kufunga begi, ulizaneni mambo manne: kichwa, tumbo, uchovu, kizunguzungu. Kila moja toeni alama 0 hadi 3, sifuri ikiwa hakuna na tatu ikiwa ni kali. Kichwa kikiwa kinauma na jumla imefika 3, huo ni ugonjwa wa mwinuko na kesho hampandi mpaka upungue. Ikifika 6, mjulisheni mwongozaji saa hiyo hiyo na jiandaeni kushuka. Kisha mchoreeni mwenzenu mstari wa mita tatu ardhini, atembee kisigino kikigusa kidole, aende na kurudi. Akiyumba, jaribu na wewe hapo hapo, ili usisingizie baridi wala viatu. Mmoja akishindwa na mwingine akiweza, aliyeshindwa anashuka, hakuna mjadala. Waongozaji wengi hubeba kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Kwa mita 4,700 usomaji wa asilimia 75 hadi 85 ni wa kawaida, na kidole cha baridi hudanganya, kwa hiyo namba nzuri isiwafanye mpuuze mtu anayeyumba.

Njiani, wewe utangulie mbele ya shemeji, nyuma ya mwongozaji. Mwenye mwendo mdogo akikaa nyuma hujikuta anakimbiza, akifika mahali pa kupumzika wenzake wameshapoa na wanasimama kuondoka, yeye hapumziki kamwe. Kipimo cha mwendo ni mazungumzo: mtu aweze kusema sentensi nzima bila kukata pumzi katikati. Akishindwa, mmekwenda mbio, hata kama mnaona mnajikokota. Na katika mazoezi fanyeni hivyo hivyo tangu sasa. Miezi mitatu, mara tatu kwa wiki, pandeni Isamilo au kilima cha Bugando mkiwa na begi la kilo 6 hadi 8, kwa mwendo wako. Jumamosi moja moja tembeeni saa tano au sita mfululizo. Msisahau kufanyia mazoezi kushuka. Kwa njia ya Machame, siku ya kilele mtashuka karibu mita 2,800 kutoka Uhuru hadi kambi ya Mweka, na hapo ndipo magoti hulia. Fimbo mbili za kutembelea kwa kila mtu.

Kuhusu nguo nitasema machache. Usiku wa kilele baridi hushuka hadi nyuzi 10 au 20 chini ya sifuri, na upepo juu yake. Soko la Mlango Mmoja mtapata makoti mazuri ya mtumba kwa bei ya kawaida. Begi la kulalia la baridi kali kodini Moshi. Kinachogusa ngozi kisiwe pamba. Pamba ya Usukumani ni nguo nzuri kwa joto la ziwa, ila ikilowa jasho haikauki, na mlimani fulana iliyolowa inamaliza joto la mwili. Tafuteni fulana za kuchezea mpira zinazokauka haraka, za nyuzi za polista. Chupa za maji zigeuzeni kichwa chini na kuzifunika kwa soksi nene, maana barafu huanza juu; mrija wa begi la maji utaganda mapema. Betri za tochi za kichwani zilale nanyi kwenye begi la kulalia.

Mmoja akizidiwa, mwingine aendelee? Inategemea. Kama ni ugonjwa wa kawaida, mtu anaongea vizuri, anatembea mstari, amechoka tu na kichwa kinauma, anaweza kushuka na mwongozaji msaidizi na mwingine akaendelea kwa amani. Msioneane vibaya kwa hilo. Semezaneni kabla, kila mmoja amruhusu mwenzake waziwazi. Kama ni ubongo, mapafu, au yale maumivu ya upande wa kushoto, mnashuka wote. Mgonjwa anahitaji mtu anayemjua, anayeweza kumwambia daktari kwamba amebeba selimundu, amekunywa dawa gani na saa ngapi. Mpagazi mwenye moyo mwema hawezi kujua hayo. Na asishushwe mtu peke yake kamwe.

Jambo hilo linaamuliwa siku ya kulipa. Sheria za hifadhi zinawataka muwe na mwongozaji mwenye leseni, lakini kwa watu wawili mwongozaji mmoja hatoshi: akishuka na mgonjwa, mzima naye lazima ashuke. Iulizeni kampuni kabla ya kutoa fedha: waongozaji ni wangapi kwa ajili yetu wawili? Mtungi wa oksijeni upo, na unatosha kwa saa ngapi? Nani anaamua mtu ageuke? Jibu la swali la mwisho liwe "mwongozaji mkuu, na hapingwi". Wakisema mteja ndiye anayeamua, tafuteni wengine. Pia msiunganishe safari ya basi na mlima. Kutoka Mwanza kupitia Shinyanga, Singida, Babati na Arusha ni siku nzima ya kukaa. Laleni Moshi usiku mbili ndipo mwende getini.

Kabla ya yote hayo, wote wawili nendeni kwa daktari mkiwa na angalau wiki sita mkononi. Shemeji apimwe aina ya himoglobini, Hospitali ya Bugando watawaelekeza. Nyote mpime wingi wa damu, kwa kuwa mwenye upungufu wa damu anaupanda mlima akiwa na deni tayari, na pimeni choo kwa ajili ya kichocho, ambacho kando ya ziwa huiba damu kimyakimya na hutibika kirahisi. Presha ipimwe, na wewe dada upime ujauzito wiki ya kuondoka. Ukiwa nao, ahirisha. Kama mmoja wenu ana pumu, kisukari, kifafa, ugonjwa wa moyo, au amewahi kupata maumivu ya kifua akifanya mazoezi, maelezo haya hayamtoshi, azungumze na daktari ana kwa ana ndipo aamue. Chukueni na kadi ya kliniki ya mtoto. Aina ya selimundu aliyonayo imeandikwa humo, na daktari akiiona atajua moja kwa moja ni nini cha kutafuta katika damu ya baba yake.